Mkebe wa Methionini

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha chakula cha kuku, kule Eneo la Viwanda, msimamizi wa zamu alinipa mkebe wa unga mweupe ninuse. Nikakunja uso, maana ulinuka yai viza.

"Hiyo ndiyo methionini, kijana," akacheka. "Bila hiyo kuku anajaza tumbo bure."

Nyinyi mnaofuga leo mnasoma gunia, mkiona protini nyingi mnaridhika. Protini ni ukuta. Matofali yake ni asidi amino, na mengine, kama laisini na methionini, kuku hawezi kujitengenezea. Laisini tuliipata kwenye soya, methionini kidogo kwenye dagaa wa omena, na pengo tuliliziba kwa ule mkebe. Ikipungua, mayai yanakuwa madogo, kisha kuku wanaanza kung'oana manyoya na kuyameza.

Nilipofikia kuwa mchanganyaji mkuu, akaja meneja mpya wa uzalishaji. Ili kupunguza gharama, akaondoa omena, akaondoa mkebe, akaongeza soya.

"Mkubwa, hawa kuku watalana manyoya."

"Protini si imetimia kwa karatasi? Wewe changanya, mzee. Ama unataka kwenda nyumbani mapema?"

Nikachanganya. Kustaafu kulikuwa karibu, nikaogopa. Ninajichukia kwa hilo mpaka leo.

Jirani yangu hapa Kaloleni, Mama Mwende, mjane aliyesomesha watoto kwa mayai, alitumia chakula chetu kwa sababu moja tu: kilipita mikononi mwangu. Siku moja akaniita bandani. Kuku walikuwa migongo wazi, wengine wanatoka damu.

"Baba Kioko, hawa wamepatwa na nini?"

Nilijua. Nikamwambia, "Ni utitiri, mama. Nunua dawa."

Nilipostaafu walinipa cheti, wakanipigia makofi. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa Mama Mwende. Nilimkuta akikata sukuma wiki za kuuza, maana kuku hakuwa nao tena. Nikamweleza yote, kuanzia mkebe hadi woga wangu. Kisu kikasimama.

"Kwa hivyo hakukuwa na utitiri?"

"Hakukuwa."

"Dawa ilikataa, nikachinja wote. Na banda nikalichoma, Baba Kioko. Nilidhani wadudu wako ndani ya mbao."

Akaendelea kukata mboga. Nilisimama pale nikingoja anitukane, lakini hakuniambia neno lingine, wala hajaniambia hadi leo.