Mke wa Kapita

Solange alipoolewa na Albert pale mjini Baraka, alipata mume, na juu ya hilo akapata utani wa maisha. Albert alipewa jina la babu yake, Wilondja, na kwao ukishapewa jina la mtu, umepewa na kiti chake. Mama yake mzazi, Mama Marie, hamwiti mwanangu. Anamwita bamukwe, kwa sababu Wilondja wa kwanza alikuwa baba mkwe wake, na Albert akiingia anamfutia kiti. Solange naye akawa mke wa Wilondja. Na kwa kuwa marehemu alikuwa kapita wa pamba wakati wa Wabelgiji, msimamizi wa mashamba mwenye baiskeli na bati juu ya nyumba, wamama wa samaki sokoni walimpokea kwa kelele: "Mke wa kapita iko nakuya! Mumupishe!" Alicheka miaka kumi na moja. Ndakala, dagaa wa ziwani, alipimiwa kwa mkono mzuri, na nani atakataa ndakala?

Solange ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari. Mwaka huu programu ilimtaka afundishe vitabu vinavyohusu utawala wa kikoloni, watu walivyobanwa kati ya dhamiri zao na mkubwa wao. Maneno mazuri sana. Vitabu vyenyewe havikuwepo. Ilikuwepo fotokopi moja iliyofifia mpaka ukurasa wa tisa. Basi akawaambia wanafunzi: tutatunga mchezo wetu, tutauigiza kwenye sikukuu ya uhuru. Yeye mwenyewe akapanda pikipiki kwenda Lweba, kwa Koko Munira, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye watu walisema anakumbuka yote.

Kweli alikumbuka. Alikuwa mtoto wa miaka saba. Kila nyumba ililazimishwa kulima pamba, na mihogo ikaachwa imezwe na pori. Ndipo wamama wakapata akili: mbegu za serikali wakazichemsha kwanza, halafu wakazipanda, ili mzungu wa mashamba aone udongo wa Lweba unakataa pamba. Chungu kikubwa cha kuchemshia waliazima kwa mke wa kapita, maana hakuna mwingine aliyekuwa na chungu cha kutosha, na yeye alitoa bila kuuliza. Pamba haikuota. Mzungu akafukua, akabonyeza mbegu kwa kidole, ikapondeka, akajua imechemshwa. Akamwambia kapita: nipe jina moja kabla ya saa sita, ama fimbo ianzie nyumbani kwako. Kapita akataja Haruna. Haruna alipigwa fimbo mbele ya watu, siku ya tatu akafa. Ndiye baba yake Koko Munira.

"Mi siombi kitu, madame," bibi akasema. "Utaje jina ya baba. Na utaje jina ya ule alimutaja. Bantu basikie yote mbili, na mi nikiwa pale, nimekaa."

"Nitayataja, Koko. Siku yenyewe pikipiki itakuja kukuchukua."

Hapo ndipo alipokosea. Aliahidi kwanza, akauliza baadaye. Alipofungua kaye, daftari lake, na kuuliza, "Kapita alikuwa anaitwa nani?" bibi akajibu taratibu, bila chuki, "Wilondja." Solange akaandika.

Angeweza kulificha jina hilo tangu siku hiyo. Hakulificha. Alijiambia mambo ya zamani ni ya zamani, na mwalimu anayewafundisha watoto wa watu habari ya dhamiri hawezi kuanza kwa kufuta. Mazoezi yakaanza. Msichana mmoja anaitwa Tania, mwenye sauti kali, akapewa nafasi ya kapita na kofia ya kuazima. Siku ya kwanza tu akauliza, "Madame, kwa nini hakukataa? Angesema mi sijui."

"Alikuwa mwoga," Solange akamjibu, akageuza ukurasa.

Madirisha ya darasa hayana vioo. Siku ya tatu Baraka nzima ilishajua. Mama Marie akaja jikoni, akakuta majani ya sombe yako kwenye kinu, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Solange, uko naweka bamukwe yangu mu théâtre, watoto bamutukane?"

"Mama, si Albert. Ni mzee."

"Mzee ni nani na Albert ni nani? Mi namuita nani kila siku? We mwenyewe, banakuita nani kule sokoni?" Akatoka.

Sokoni wakaacha kumwita. Hilo lilimkata kuliko matusi. Alipita kati ya meza za samaki na kila mtu alikuwa anahesabu samaki wake. Prefe Jérémie, mkuu wa shule, mtu mpole, akamwita ofisini: yeye hana tatizo, lakini wazazi, unajua, na kamati, na mwaka ujao ratiba ya walimu haijapangwa. Albert hakugomba hata neno moja. Alianza tu kula kwa mama yake. Solange aliweka sahani yake mezani siku nne, akiifunika, na kila asubuhi akimwaga chakula. Siku ya tano hakuiweka.

Alingojea kuona uchungu. Haukuja. Alijibonyeza moyoni kama mtu anayebonyeza mguu uliokufa ganzi, na hakusikia kitu. Akachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, akapiga mstari juu ya jina la Wilondja kila mahali lilipokuwa katika mchezo, na juu yake akaandika: kapita mmoja kutoka mbali. Mahali saba. Ilimchukua muda mfupi kuliko kusahihisha imla.

"Madame, jina imeenda wapi?" Tania akauliza.

"Limetoka."

Tania akamtazama, akavaa kofia, akasema maneno mapya. Hakuuliza kwa nini. Solange angependa aulize.

Jioni ile Albert akarudi kula nyumbani. Akala vizuri, akaomba chumvi. Solange akamkumbusha kwamba siku ya sikukuu pikipiki yao iende Lweba kumchukua Koko Munira. Albert akasema pikipiki inakwenda Misisi, kuna mizigo. Sawa. Baraka ina pikipiki ngapi? Zimejaa kila kona, unapunga mkono zinakuja tatu. Solange hakupunga mkono. Hakuamua kutopunga, siku ilifika tu, ikapita, na mkono ulikuwa umekaa chini.

Mchezo ulipigiwa makofi sana. Jina la Haruna lilitajwa kwa sauti, na kapita kutoka mbali akazomewa na uwanja mzima, Mama Marie akiwa mstari wa mbele, akizomea kwa furaha. Sokoni kesho yake: "Mke wa kapita iko nakuya!" Akapimiwa ndakala kwa mkono mzuri.

Siku hiyohiyo alipanda pikipiki ya kukodi, akaenda Lweba na mchele, sukari na sabuni ndani ya sufuria mpya yenye kifuniko. Alimkuta Koko Munira amekaa kwenye kibanda cha barabarani, bado amevaa kitenge kipya. Jirani akasema, "Jana alikaa hapo tangu asubuhi. Tulimwambia ingia ule, akasema pikipiki itamukosa."

Solange akapiga goti kidogo, akasalimu. Bibi akaitikia.

"Jina ya baba, balitaja?"

"Walilitaja, Koko."

"Na ingine?"

Solange akatazama sufuria mikononi mwake. Alikuwa na maneno ya kumweleza. Prefe, ratiba, sahani ya Albert, meza za samaki. Yalikuwa maneno ya kweli yote. Akakumbuka alivyomjibu Tania kwa haraka: alikuwa mwoga.

Koko Munira akamtazama pasipo hasira, kama mtu anayemtambua mgeni aliyewahi kuja.

"Tulipomaliza kumuzika baba," akasema, "mke wa kapita alikuya kwetu hivi hivi. Alileta unga mu chungu yake ile kubwa. Alipiga goti pale pale we uko. Mama alimuangalia, kisha akapokea. Tulikuwa na njaa, mwanangu. Tulikula."

Akanyoosha mkono kuelekea mlango wa nyumba.

"Weka kule ndani."

Solange akaingia, akaiweka.