Avokado Saba za Baba

Mti ambao baba aliupanda kando ya uzio wa mwajiri wake kule Lavington ulizaa mwaka huu kwa mara ya kwanza: avokado saba tu. Ulikuwa umepangiwa kukatwa Jumanne, siku tatu baada ya sisi kuzichuma. Baba, aliyekuwa mtunza bustani pale, hakuishi kuziona. Mama bado ni mpishi wa nyumba hiyo, lakini imeuzwa, na magorofa yanakuja.

Jumamosi nilitoka Ngara, ninakokaa, nikaenda kumsaidia kuchuma. Nikamwomba moja, nipate kuotesha mbegu yake.

"Zote saba ni malimbuko," alisema. "Zinaenda madhabahuni."

Nilisomea historia ya dini chuoni, na kunyamaza kunanishinda. Nikamweleza kwamba watu walipeleka nafaka yao ya kwanza kwa miungu kabla Biblia haijaandikwa, kwa kuogopa mvua isirudi. "Lakini wao walitarajia mavuno mengine, Mama. Mti huu unakatwa Jumanne. Unatoa ya kwanza, ya pili itatoka wapi?"

"Kumbe karo yote ile ilikuwa ya kuja kunihubiria," akasema, akazipanga kikapuni.

Jumapili, kanisani Muthangari, matoleo yalinadiwa uani baada ya ibada, kama ilivyo desturi. Mnadi akainua kikapu chetu. "Hizi ni za mpishi, jamani! Mkiziachia mtakula mkate mkavu mpaka Krismasi!" Watu wakacheka. Nilipandisha bei mara mbili, nikashindwa. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu, mgeni kwetu, akazichukua zote.

Nilimfuata hadi kwenye gari lake, nikamwomba moja.

"Chukua, kijana. Hata mbili."

Nilikuwa nimeshika moja, ngumu kama jiwe, mama alipotokea nyuma yangu. Aliitoa mkononi mwangu, akairudisha kikapuni. "Utusamehe, mzee. Kilichotolewa hakifuatwi." Gari likaondoka. Nilimkasirikia Mungu ambaye sina hakika yupo, na hilo lilinisumbua kuliko hasira yenyewe.

Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikakaa na mama jikoni. Msumeno wa mashine ulianza saa tatu. Alimenya viazi bila kuinua kichwa, akajaza sufuria, akachukua ya pili. Nilikuja nimejiandaa kumwambia kwamba Jumamosi ile nilikuwa nimesema kweli. Badala yake nikamsogezea viazi vingine.

Msumeno ukanyamaza. Mama akaweka kisu chini.

"Yule mzee wa koti la kijivu anakaa wapi?"

"Sikumuuliza."

Akatazama dirishani, upande wa uzio, mahali ambapo sasa palikuwa na mwanga mwingi mno.

"Zilikuwa bado ngumu," akasema. "Labda hawajazila."

Kisha akakishika tena kisu, akachukua kiazi kingine.