Meneja Aliyekataa Samaki Wetu

Nakumbuka asubuhi ile tulipokwenda kumwomba Mama Upendo awe meneja wetu, mwanangu, na hadi leo nikipita njia ile natembea kifua mbele. Wewe sasa umepewa kazi ya kutafuta meneja wa kikundi chenu cha mwani huko Kiegeani, ukaja kuniuliza mtu wa namna hiyo anaombwaje, na anatunzwaje asiondoke. Kaa nikwambie. Napenda kujisifu, wenzangu wote wanajua, lakini kwa hili naona ninayo haki.

Wakati huo ushirika wetu wa wavuvi hapa Kilindoni ulikuwa na kiwanda kidogo cha barafu, nami nilikuwa katibu, kijana wa shati lililonyooshwa na maneno mengi. Meneja wa kwanza, kijana wa watu kutoka bara, alikuwa ametukimbia kwa sababu tulimpenda kupita kiasi. Si unajua tulivyo? Mgeni akihamia mtaani, huyu atampelekea samaki changu, yule pweza, mwingine madafu. Basi kila aliyempelekea kitoweo alikuja kiwandani akitaka barafu kabla ya waliomtangulia, na yule kijana atamwambia nini mtu ambaye samaki wake kamla jana tu? Wenye ngalawa ndogo wakawa wanakosa, samaki wao wanaharibika, wakaanza kusema heri kiwanda kifungwe. Siku moja kijana akapanda boti akaenda zake, funguo akatuachia kwa jirani.

Tukasikia habari za Mama Upendo. Mzaliwa wa Songea, alikuwa amesimamia ghala la samaki Dar es Salaam, akamfuata mumewe aliyehamishiwa huku kufundisha. Walipanga nyumba Miburani. Ila kule Dar walikuwa wanamwita arudi, naye alikuwa hajawajibu. Tukimkosa yeye, kiwanda kinafungwa, hilo kila mmoja wetu alilijua.

Njiani nikamshauri mwenyekiti wetu, Mzee Shomari, Mungu amrehemu, kwamba tumweleze mazuri tu. Mambo ya mshahara na nyumba tumwambie tutaelewana huko mbele. Mzee akasimama katikati ya njia.

"Katibu, yule ni mtu mzima, ana kazi inamngoja. Unataka aiache kwa ajili ya tutaelewana? Ataambiwa yote leo, na mabaya ndiyo tutaanza nayo."

Nikafyata mkia mpaka Miburani.

Tulimkuta barazani anachagua mchele. "Shikamoo mzee," akasema. "Marahaba, mwanangu," akajibu mzee, na baada ya kuulizana habari za nyumbani akamweleza. Mashine imechakaa. Umeme unakatika. Wavuvi wetu wana midomo, na mshahara haufiki ule wa Dar. Kisha akamtajia mshahara wenyewe na tarehe ya kulipwa, akamwambia ushirika utamtengenezea paa la nyumba, na mtu wa kumwamuru atakuwa mmoja tu, yeye mwenyekiti. Mengine yote ya kiwanda yatakuwa mikononi mwake.

Mama Upendo akaweka ungo chini. "Mzee, ya umeme na mashine nimeyasikia, nitayaweza. Mimi nina ombi moja. Asiniletee mtu samaki nyumbani. Nitashuka mwenyewe pwani kununua, kama wenzangu."

Mwanangu, ungeuona uso wa mzee. Kwetu kumrudishia mtu kitoweo ni kumwambia humtaki. Mke wangu aliposikia alisema, "Huyo mwanamke anajiona nani?" Lakini Mzee Shomari alifikiri, akamjibu, "Itatuuma. Ila tumekubali, na watu nitawaambia mimi. Wewe usiseme neno, wasije wakakuchukia bure." Akaitisha mkutano jioni ile ile, akalitangaza mbele ya wanachama wote. Wakanuna, lakini wakakubali.

Sasa sikiliza hapa. Mzee alikuwa na mdogo wake, Faki, mwenye boti kubwa kuliko zote. Upepo wa kusi ulipoisha na samaki wakawa wengi, Faki akamtokea Mama Upendo nyumbani kwake na kolekole mnene, akijua wazi yaliyosemwa. Mama Upendo akamshukuru, akamtilia chai, na alipoaga akamrudishia kolekole wake mkononi. Kesho yake Faki akafika kiwandani anataka barafu kwanza. Akaonyeshwa mwisho wa foleni. Akatoka pale anafoka, akaanza kuwapitia wajumbe mmoja mmoja, anataka meneja aondolewe.

Kikao kilikaa. Wote tulimtazama mzee, maana huyo ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Nakwambia kweli, niliogopa.

"Faki," mzee akasema, "neno lile nililitoa kwa niaba yetu sote, na wewe ulikuwepo. Ukitaka kumtoa meneja, anza na mimi."

Faki akachukua kofia yake, akatoka. Kesho yake tulimwona kwenye foleni, nyuma ya mzee mmoja wa ngalawa, kakunja uso lakini kasimama. Nilijisikia fahari kuwa mtu wa kisiwa hiki.

Kule Dar walimwita tena, kwa mshahara mkubwa zaidi. Alikataa. Nilipomuuliza sababu akasema, "Hapa nikisema hapana, kuna mtu nyuma yangu." Nasi tulimwongezea mshahara kila kiwanda kilipopata, kabla hajaomba, na paa tulilitengeneza kabla ya mvua kama tulivyosema. Akakaa nasi mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mwaka jana alikabidhi funguo kwa mwenzake aliyemfundisha mwenyewe. Alasiri ile ile mke wangu akajitwika beseni la changu, wa kwanza kabisa, akaenda Miburani. Nyuma yake wakafuata wengine, na wengine, hadi friji ya Mama Upendo ikagoma kufungwa. Aliwapokea samaki wote, huku analia.

Asubuhi akaja kiwandani na beseni kutafuta barafu. Meneja mpya akamwita apite mbele. Akatikisa kichwa, akaenda kusimama mwisho, nyuma ya Faki. Faki akageuka, akamtazama, akasema, "Leo na wewe utaijua foleni, Mama Upendo." Wakacheka wote wawili mpaka foleni nzima ikacheka.

Basi mwanangu, ukienda kumwomba mtu wako, mwambie yote, na ubaya wa kazi aujue kutoka kinywani mwako. Ahadi utakayotoa iwe ndogo ya kutekelezeka. Likija la ndugu yako, na litakuja tu, hapo ndipo atakapokutazama kuona kama ulimaanisha. Mungu akukutanishe na mtu mwema, akupe moyo wa kusimama naye, na siku akikabidhi funguo mlango wake ujae samaki kama ulivyojaa wa Mama Upendo. Amina.