Mashine Iliyozimwa Bure

Jamani, nikipita Kwale pale karibu na soko hadi leo natazama chini, na sababu yenyewe ni kanzu (ndiyo, kanzu, ngojeni nieleze). Miaka ile uhuru ulikuwa bado mchanga, na sisi wapenzi wa redio tulikuwa tumeweka mtambo wetu hapo hapo Kwale mlimani, nyumbani kwangu, unapokea sauti dhaifu kutoka Msambweni na Vanga na kuzirusha tena kwa nguvu mpaka Mombasa, na mwangalizi wake nilikuwa mimi, kijana mwenye maringo, mlingoti umesimama uani kwangu.

Sasa kamba yangu ya kuanikia nguo, ya makumbi ya nazi, ilikuwa ikiniachia madoa ya kahawia mabegani mwa kanzu ya Ijumaa, basi nikaokota kipande cha waya wa chuma, nikakifunga mlingotini, ncha ya pili nikaipindia kwenye bati la paa. Kanzu ikatoka nyeupe pe.

Juma lile lile mtambo ukaanza kukwaruza, maneno ya watu yanamezwa, na mimi bila kupepesa macho nikasema ni mashine ya kusagia mahindi ya jirani yangu Mama Mwanasha, mjane wa pale karibu na soko, kwa kuwa injini za petroli kweli huchafua redio (hilo nilikuwa nimelisoma, na kusoma kidogo kulinitia kiburi). Nikaenda kwa chifu, chifu akaamuru mashine izimwe mpaka tuhakikishe. Wanawake wakarudia kinu na mchi, viganja vikawachubuka, na mama wa watu akakaa barazani mikono mitupu, riziki yake imefungwa kwa neno langu.

Siku ya kuhakikisha wakaja chifu, wanawake, na Mama Mwanasha mwenyewe. Mashine imezimwa, mwenzangu wa Vanga anaongea redioni, na mikwaruzo ni ile ile. Nikasema labda injini haijapoa vizuri. (Haijapoa! Ilikuwa haijawashwa tangu juma lililopita.) Hakuna aliyecheka. Nikajitia kwenda kukagua mlingoti, nikakuta upepo unaipeperusha kanzu, na kila ikivutavuta waya, redio ndani inakwaruza. Nikaianua, nikaubandua waya pale ulipokuwa ukisuguana na kutu ya bati (chuma kikigusagusa kutu karibu na mlingoti nacho huchafua redio), na sauti ya Vanga ikasikika mpaka uani:

"Sasa safi kabisa, ndugu yangu. Ulikuwa umefanya nini?"

Wote wakanigeukia, mimi na kanzu begani. Chifu akalirudia swali lile taratibu, nami nikaeleza yote, kamba, madoa na waya, kisha nikamwendea Mama Mwanasha kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini siku ile ukienda kwa chifu ulipita mlangoni kwangu, ukanipa shikamoo, na hukuniuliza kitu."

Hayo yaliniuma kuliko ile aibu, na bado yananiuma. Jioni ile mashine ikanguruma, na redio ikabaki safi.

Tangu hapo naanika kwenye kamba ya makumbi, na kila Ijumaa naingia msikitini na madoa yangu mabegani. Mke wangu husema nafanya makusudi. Ni kweli, nafanya makusudi.