Mate ya Fundi Viatu

Fundi viatu wa soko la Salto hubana chupa ya maji moto kwapani tangu asubuhi, hata anaposhona soli, na Nélida muuza jibini hajawahi kuiona ikimponyoka. Ikifika saa nne humimina mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa huko, katika kibuyu kimoja chenye mrija mmoja, kikazunguka vibanda vyote tisa. Ukimwambia asante, maana yake umetosheka, naye hakurudii tena. Wiki ambayo redio ilianza kutaja virusi, wateja walipotea na jibini likaanza kutoka jasho. Kibuyu kilipomfikia, Nélida alificha mikono. “Leo niruke, Fundi. Nina mama mgonjwa nyumbani.” Fundi hakununa. Aliinamisha kichwa upande, kama anapopima kisigino kilicholika, akaenda zake, na kwa siku mbili kibanda chake kikabaki kimefungwa.

Siku ya tatu alikuja na kapu. Ndani mlikuwa na vibuyu tisa, kila kimoja na mrija wake na jina la mwenyewe, vimevishwa ngozi aliyoiweka akiba kwa viatu vya Pasaka. “Kila mtu na mdomo wake,” alisema akivigawa, “ila mmiminaji ni yuleyule.”

“Soko lenyewe si limekufa, Fundi?” Nélida aliuliza.

“Nani kakwambia? Lete kibuyu.”

Akamimina kutoka juu, mkono umenyooka, bila kumwaga tone. Hakuna aliyekuwa ameuza kitu siku hiyo. Alizunguka mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka chupa ikakauka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante.