Nilidai Mtihani wa Wakubwa

Chekeni tu, mi mwenyewe nimeshajicheka.

Mwalimu wetu wa hesabu alipofukuzwa Kolwezi kwa sababu ya kabila lake, akapakiwa kwenye treni na watoto wake, alituachia programu tu, kile kijitabu cha mada za mtihani wa kimataifa. Mgodi ulikuwa umesimama, bwana wangu anashinda nyumbani, na cheti kile ndicho kingenipatia kazi ya kufundisha. Basi nikasoma kwa hasira kila mada, kurasa zote, mutoto akinyonya.

Siku ya mtihani nikafunua karatasi: maswali mepesi kama mchezo! Damu ikanipanda. Nikasimama katikati ya ukumbi, mutoto mgongoni.

"Juu ya huyu mutoto ndiyo munanizarau? Sitaki mutihani ya batoto. Leta ile ya bakubwa!"

Msimamizi, tata mmoja, mzee mpole, akaifunua programu yangu niliyomtolea mfukoni.

"Mama, mutihani yako inaishia hapa katikati. Kurasa za nyuma ni za kiwango cha juu. Nani alikuambia usome mpaka mwisho?"

"Mwalimu mwenye angeniambia nisimame wapi balimufukuza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Basi ikaa, mama," akasema. "Benzako bangali banatafuta jibu ya swali ya kwanza."