Skrini Mpya na Uso wa Baba

Mteja akiingia dukani kwangu hapa Kitale, jambo la kwanza haulizi bei ya kuchapa. Anauliza kwa nini nina skrini mbili mezani: moja bapa, nyembamba, inayong'aa, na nyingine ya zamani yenye mgongo mnene unaokula nusu ya meza. "Hii si ungeuzia watu wa vyuma vikuukuu?" anasema, huku akiigongagonga kichwani kama anachagua tikiti maji sokoni. Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi namwambia aketi anipe kazi iliyomleta.

Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na kadi za harusi, lakini kinacholipa kodi ya duka ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Na programu ya mazishi haiagizwi na mtu mmoja. Inaagizwa na kamati. Anakuja mwenyekiti, anakuja mweka hazina, anakuja shangazi ambaye hana cheo chochote ila ndiye mwenye neno la mwisho, na wote wanasimama nyuma ya kiti changu wakinipumulia shingoni. Kila mmoja ananyoosha kidole mpaka kiguse kioo. "Hapo weka 'mpendwa'." "Huyo mjukuu mbona umemtanguliza?" "Ati wake wawili? Andika mmoja, huyo mwingine tutaongea naye nyumbani." Nimezoea. Nikiachwa peke yangu na kimya naanza kukosea herufi.

Halafu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote lakini wateja wangu wote wanaishika: uso wa marehemu hauchapwi kwa majaribio. Karatasi ikishatoka na uso wake, hata ikiwa imeharibika, utaipeleka wapi? Huwezi kuitia kwenye pipa la takataka, halafu kesho ukute imefungiwa mandazi. Nilipoanza kazi hii niliwahi kuchapa moja ya kujaribu, ikatoka na mistari. Mjane aliyekuwa mbele yangu aliichukua, akaikunja taratibu, akaitia kifuani, kisha akanitazama. Sikurudia. Kwa hiyo watu hukubaliana kwanza kwenye skrini. Wakisema "ndiye", hapo nabonyeza.

Kwa miaka mingi tulikubaliana kwenye ile skrini ya mgongo. Sisemi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi mabichi, ilichukua muda kuamka asubuhi, ilikuwa na umanjano pembeni, na tuk-tuk ikipita karibu na mlango picha ilitetemeka. Lakini nilikuwa nimeizoea na yenyewe imenizoea. Kamati ziligombana juu ya majina, juu ya suti, juu ya nani asimame karibu na jeneza kwenye picha. Kuhusu uso hakuna aliyewahi kubisha.

Kisha akaja kaka yangu mkubwa. Kaka anaishi Nairobi na hakuna kitu asichokijua. Aliingia dukani siku moja akielekea nyumbani Bungoma, akasimama katikati ya sakafu, akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Bado uko na hii kitu? Dada, si hii ni jiko!"

Kabla sijamjibu alikuwa amerudi garini na kutoa boksi. Skrini mpya, bapa, zawadi. Hakuniuliza kama naitaka. Alichomoa waya za ile ya zamani bila hata kuizima, akainua dude lake jipya kwa mkono mmoja ili nione lilivyo jepesi, akalisimamisha kwenye kiguu chake cha plastiki ambacho hakiinami wala hakigeuki. Ile ya zamani aliisukuma chini ya meza kwa mguu. Kwa mguu! Nilikasirika, lakini sikatai kwamba kwa mara ya kwanza nilipata mahali mezani pa kuweka chupa yangu ya chai, na hilo lilinifunga mdomo. Nikapanga rimu za karatasi juu ya ile ya zamani na maisha yakaendelea.

Yakaendelea vibaya. Sijui ni nini kiliwaingia watu. Kamati ambazo zamani zilimaliza mambo yao na kwenda kunywa chai zilianza kubishana juu ya rangi. Huyu anasema mzee amekuwa mweusi kama chungu, yule anasema mbona mmempausha, wa tatu anasema nyote mmelogwa, picha iko sawa. Mimi nikitazama, iko sawa. Nilipangusa kioo. Nilibadilisha wino, ambao haukuwa na kosa lolote. Nililaumu simu za watu zinazopiga picha mbaya, nikalaumu majonzi, nikawalaumu hao watu wenyewe. Nikampigia kaka simu.

"Ni watu wenu wa huko," alisema. "Hawajazoea vitu vizuri."

Watu wetu wa huko! Kama kwamba yeye alizaliwa ndani ya lifti.

Ndipo baba yetu akafariki, nyumbani Bungoma, upande wa Webuye, baada ya kuugua kwa muda. Sitaki kuongea sana juu ya hilo. Baba alikuwa maji ya kunde, mtu wa kuchekesha watoto wa jirani kwa kuchezesha masikio, na alikuwa na kofia ya pama ambayo hata kanisani aliivua kwa shingo upande. Mama alipopelekwa mochari kumtambua alirudi amejifunika leso. Uso wa baba ulikuwa umebadilika, umekuwa mweusi, umefunga. Mama hakula siku hiyo. Nilipoketi karibu naye aliniambia neno moja tu kuhusu mazishi yote, yeye ambaye kwa kawaida angepanga hadi sufuria za kupikia wali.

"Wewe ndiye unatengeneza hivi vitabu. Unipatie baba yenu mwenyewe. Si yule nilionyeshwa."

Nilimwambia asijali. Kazi ambayo nimewafanyia watu wasionihusu kwa miaka yote hiyo, nitashindwa na ya baba yangu?

Siku mbili kabla ya mazishi wakaja Kitale kwa gari la kaka: mama, baba mdogo ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, shangazi ambaye kwa lugha yetu tunamwita Senge, na kaka mwenyewe. Mama, kwa kuwa ni mfiwa, alipewa kiti. Kiti cha wageni dukani kwangu ni cha mbao, kifupi, miguu yake nilikata mwenyewe baada ya mchwa kuila. Akaketi kando yangu, kidevu chake kikiwa usawa wa meza. Wengine wakasimama nyuma, kama kawaida. Nikafungua picha ya baba ya Krismasi, ile aliyovua pama akaishika kifuani, akicheka.

"Hapo sawa," alisema baba mdogo. "Lakini amekuwa mweupe kidogo."

Mama alikuwa amegeuza uso.

"Mama, angalia."

Aliangalia, akageuza tena. "Huyu si yeye."

"Ni yeye, Mama. Hii si ile picha ya Krismasi? Wewe ndiye ulimwambia avue kofia."

"Nimeishi na yeye maisha yangu yote, ati ni wewe utanionyesha? Amekuwa giza. Hata macho siyaoni."

Basi nikaongeza mwanga. Nyuma yangu Senge akapiga kite.

"Sasa mmempaka poda! Ndugu yangu hakuwa mzungu, bana. Rudisha."

Nikarudisha. Mama akasema giza. Nikaongeza. Baba mdogo akasema hapo hata mashavu hayaonekani, watu watauliza ni nani tunazika. Nikapunguza kidogo, nikaongeza kidogo, nikaficha ukingo, nikabadilisha rangi ya nyuma. Kaka alisimama mlangoni akisema kwa sauti ya kutosha kwamba skrini haina shida, ni mtumiaji. Nje dereva wa trela la mahindi alikuwa anapiga honi mfululizo. Kamati za watu wengine zinaweza kunichosha nikazifukuza kwa adabu, nikawaambia warudi kesho. Hii ningeifukuzia wapi? Na kesho yenyewe haikuwepo, kwa maana keshokutwa tulikuwa tunazika.

"Basi chapa tu," alisema baba mdogo mwishowe. "Shemeji amechoka. Huzuni inamfanya aone vibaya. Sisi wanne tunaona sawa."

"Mkichapa huyo," mama alisema, bila kupaza sauti, "mimi sitashika hicho kitabu. Mtashika nyinyi."

Hapo nikawaka. Nilimwambia mama kwamba sijui anataka nifanye nini, kwamba picha ni ileile, macho yake ni yale, mimi si Mungu, na kama kuna mwingine anaweza kuchapa vizuri zaidi aende kwake. Nilisema hivyo kwa mama yangu aliyefiwa, mbele ya Senge. Hakuna aliyenikemea, jambo lililonikasirisha zaidi. Mama alishika pembe ya leso yake, akaikunja, akaikunjua.

Umeme ukazimika na kurudi, skrini ikabaki nyeusi. Nikapiga magoti chini kwenye sakafu kuchokonoa plagi, maana kamba za hii skrini ya kaka ni fupi na hulegea kila mara. Niliposikia mlio wa kompyuta kuamka nikainua kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na kiti cha mama, kichwa changu kikiwa sawa na chake.

Nikanyoosha mkono kwenye kipanya nikaifungua tena picha ya baba, na sikumwona baba.

Nilimwona mtu mweusi, uso umezama, mahali pa macho pana utando mweupe kama wa picha iliyogeuzwa rangi. Kicheko kilikuwa kimekuwa meno tu. Nikanyanyuka kidogo: baba. Nikainama: yule mwingine. Nikasimama wima kabisa, alipo Senge: mtu amepauka, amepakwa unga. Nikainama tena, na safari hii sikuinuka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa mama alikuwa anatazama nini muda wote ule tukimwambia kwamba ni huzuni. Tulikuwa tumempeleka mochari mara ya pili na kumfunga kwenye kiti.

Sikueleza chochote. Ningeanza kueleza ningelia, na nilikuwa nimekasirika mno kulia. Niliingia chini ya meza, nikatupa rimu za karatasi huku na huku, nikavuta ile ya zamani.

"Unafanya nini sasa?" kaka aliuliza.

"Shika upande huo."

"Hiyo takataka haiwezi..."

"Shika!"

Akashika. Ni nzito, nimesema, na yeye ni mtu wa ofisini; alipoipandisha mezani shingo ilikuwa imemtoka mishipa, nami nilifurahi. Nikachomeka. Ikalia ule mlio wake mwembamba, ikatoa tik ndani ya tumbo, na haikuonyesha kitu. Senge alianza kusema jambo, baba mdogo akamwekea mkono begani. Ile skrini haikuwahi kuamka haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Giza lilianza kugeuka kijivu, kijivu kikapata kingo, halafu pama, halafu koti la miraba, halafu uso ukaja polepole, na umanjano wake pembeni.

"Aa," alisema baba mdogo.

Senge alikuwa amesimama, kaka alikuwa ameegemea meza kwa pembeni akihema, mimi nilikuwa nimepiga magoti. Niliwauliza mmoja mmoja, kwa ukali, kama mwalimu wa zamu: anaonekanaje? Sote tulikuwa tunamwona mtu mmoja. Maji ya kunde. Macho yapo.

Mama alisogeza kile kiti kifupi karibu. Akanyoosha mkono, na mimi ambaye siku zote nawapigia watu kelele wasiguse kioo, nilimwacha. Aliweka kiganja chote kwenye shavu la baba. Ile skrini ikishawaka hupata moto, ndiyo maana kaka aliiita jiko. Mama hakuondoa mkono haraka.

"Ako na joto," alisema. "Huyu ndiye."

Nikabonyeza.